Viti Vinne vya Busasamana

Wanangu wa kamati mpya, wiki iliyopita mlinialika pale hotelini ziwani nikawakabidhi mfuko wa fomu na ufunguo wa kabati. Mkanipigia makofi, mkanipa kitenge kizuri, mkaniomba niseme maneno mawili kuhusu kazi. Nilisema mawili kweli, kwa sababu chai ilikuwa inapoa. Kisha mwenzenu Patrick akanionyesha simu yake. Siku hizi hamwandiki, mnapiga picha. Mkifika kwa mwanafunzi anayeomba ufadhili mnapiga picha ya paa, ya jiko na ya sebule, kisha simu inajumlisha yenyewe na kutoa alama. Nikaona nyumba moja ya Busasamana, ndani yake viti vinne vya kahawia vimepangwa vizuri, na chini yake maneno: familia inajiweza. Niliomba kuitazama picha ile mara ya pili. Kisha nikamrudishia Patrick simu yake.

Nimekaa nayo moyoni siku nne. Sasa nasema, na nitasema kwa urefu, maana mimi ni mstaafu na hakuna mwenyekiti wa kunigongea meza.

Kwa wale msionijua vizuri, sikuwahi kuwa mwanachama wa klabu hii yenu hata siku moja. Nilikuwa karani wake. Wanachama walikuwa watu wa heshima zao, madaktari, wenye maduka ya vifaa vya ujenzi, watu wa benki, na walikutana kila Alhamisi mchana kula na kupanga namna ya kusaidia mji. Mimi nilipiga taipu. Nilikulia Karagwe, upande wa Tanzania, na niliporudi nyumbani na wazazi wangu watu wa hapa Gisenyi walikicheka Kiswahili changu. Walikiita Kiswahili cha redio. Siku moja sokoni niliuliza, "Viazi hivi vinauzwaje?" na mama muuzaji akawaita wenzake waje kunisikiliza. Nilinunua viazi kwa aibu, lakini alinijazia na vya juu.

Kazi ya ufadhili ilinijia kwa sababu ya mwandiko wangu tu. Kila mwaka, matokeo yakishatoka, barua za kuomba msaada zilijaa kabatini, na mtu alitakiwa kuzisoma, kwenda majumbani, na kujaza fomu ambayo hapa kwetu tunaiita fishi. Wanachama walikuwa na shughuli zao. Basi nikatumwa mimi, na kwa miaka yote niliyofanya kazi hiyo nusu ya mji iliniita Mama Fishi. Kuna watoto wanaoamini hadi leo kwamba ndilo jina nililobatizwa.

Nianze na barua, maana huko ndiko nilikojifunza kucheka. Mwaka wangu wa kwanza nilisoma barua kumi na moja zinazoanza kwa maneno yaleyale: "Mimi ni yatima wa pande zote mbili, nimebaki na Mungu." Nililia kwenye ya kwanza, nikalia kwenye ya pili. Kwenye ya tano nikaanza kutilia shaka machozi yangu. Ya kumi na moja ililetwa na baba mzima, kofia mkononi, na nilipomuuliza mwombaji ni nani wake alijibu kwa fahari kwamba ni mwanawe wa kumzaa. Kumbe kulikuwa na bwana mmoja karibu na soko aliyewaandikia watu barua, na barua yake ilikuwa moja. Yule baba hakujua kusoma. Alikuwa amebeba tangazo la kifo chake mwenyewe kutoka Rugerero, kwa miguu.

Nilitaka kuzitupa zote. Aliyenizuia ni Mama Speciose, na sasa lazima nimweleze, kwa sababu yote ninayoyajua yalitoka kwake.

Alikuwa mkunga mstaafu, amezalisha akina mama kule Goma, ng'ambo ya mpaka, miaka mingi kabla ya kurudi huku. Mwili mkubwa, magoti mabovu, sauti ya chini. Klabu ilimwomba anisaidie kwa sababu aliyejua kuingia nyumba za watu alikuwa yeye. Alizitazama barua zangu kumi na moja, akasema, "We mudogo, barua ni ya ule muzee wa soko. Mutoto ni ingine. Twende tuone mutoto." Tukaenda nyumba zote kumi na moja. Watoto watatu walikuwa na shida kubwa kuliko zile za kwenye barua, na wasingejua kuziandika.

Siku ya kwanza niliyofuatana naye nilivaa viatu vya kisigino, nikamwambia dereva atufikishe mpaka mlangoni kwa gari la klabu, lile lenye nembo. Tulipofika hapakuwa na mlango tena, palikuwa na watu. Kila mtu wa kilima kile alikuwa na mtoto, na kila mtoto alikuwa na karatasi. Mama Speciose hakushuka. Aliniacha nisukumwe kidogo, nilipogeuka na kisigino kimekatika akasema, "Bon, sasa umesoma ya kwanza." Tangu siku hiyo gari lilibaki kwenye senta, penye maduka, tukatembea, na mimi nikanunua mabuti ya mpira. Mawe ya volkano ya kule hayamheshimu mtu mwenye visigino.

Sasa sikilizeni alivyonifundisha kuingia nyumbani kwa mtu. Ukifika, kabla hujakaa, omba maji ya kunawa mikono. Usiulize wanachota maji wapi, maana watakujibu vizuri tu. Omba maji, halafu tazama yanatoka wapi, yanakuja na nani, na amekawia kiasi gani. Dumu likiinamishwa mpaka shingo kwa ajili ya mikono yako, umeshajua jambo moja la kweli. Ukipewa kinywaji, kunywa, ila usimalize, kwa sababu kuna watoto nyuma ya pazia wanaoihesabu ile Fanta funda kwa funda. Muulize mwanafunzi anasomea wapi jioni, kisha mwombe akuonyeshe mahali penyewe. Mikono ya mtoto anayelima vibarua ina habari zake, usiiache bila kuisalimia.

Na la mwisho, ambalo kwake lilikuwa la kwanza. Hapa kwetu mgeni haondoki peke yake, anasindikizwa. Mama Speciose alipokuwa anaaga alimgeukia mtoto na kusema, "Unisindikize kidogo, goti yangu haiko muzuri." Goti lilikuwa bovu kweli, lakini hakuliombea msaada mahali pengine popote. Wakitembea wawili, mimi nyuma, mtoto alianza kusema. Sebuleni alisema tunashukuru Mungu, tunaendelea. Njiani alisema baba amehama, ng'ombe aliuzwa, mdogo wangu anaumwa. "Mu nyumba bazazi njo banasema," aliniambia Mama Speciose kwa Kiswahili chake cha Goma, yaani nyumbani wanaosema ni wazazi. "Mutoto anasemea mu njia."

Haya yote niliyajua. Niliyajua kabisa, na bado nilifanya nililolifanya.

Mwaka mmoja magoti yalimlaza Mama Speciose wiki nzima, nami nikaenda Busasamana peke yangu. Nilijiona fundi aliyekamilika. Nilikuwa nimetuma ujumbe kwa mkuu wa kijiji kwamba ninakuja, nikadhani huo ndio ustaarabu. Mwombaji aliitwa Claudine. Alikuwa amefaulu vizuri sana na kupangiwa shule ya bweni, mchepuo wa sayansi, na shule zilikuwa zinafunguliwa karibu. Bila godoro, sare na karo asingepokelewa getini. Mama yake aliishi kwa kulima viazi vya watu na kuvusha kabichi Goma kwa kichwa.

Nikaingia sebuleni na kukuta viti vinne vya kijani, vya sofa, vimefunikwa vitambaa vyeupe vya kufuma. Chupa ya chai yenye maua. Fanta kwenye sahani. Mama Claudine alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani na jasho likimtoka, nikafikiri ana homa. Niliketi, nikazama. Hata mimi nyumbani kwangu sikuwa na kiti cha kuzama namna ile. Sikuomba maji, mikono yangu ilikuwa safi. Claudine alijibu maswali yote kwa sauti ndogo akitazama sakafu, na nilipoinuka akainuka, akachukua mwavuli.

"Nikusindikize, Mama," akasema.

"Baki, mwanangu, mvua inakuja. Nina haraka."

Akasimama na mwavuli wake mlangoni. Nikateremka mbio, na kwenye gari nikaandika kwenye fishi, mstari wa viti na meza: viti vya sofa vinne, hali nzuri. Na chini kabisa: familia inajiweza, apewe mwingine. Niliandika kwa kalamu ya risasi, kwa sababu kalamu yangu ya wino sikuiona. Ilikuwa kalamu nyeusi yenye kibanio cha shaba, zawadi niliyoagwa nayo na shule niliyoipigia taipu kule Karagwe. Kupotea kwake kulinisumbua njia nzima. Claudine hakunisumbua hata kidogo.

Alhamisi orodha ikasomwa klabuni, ikapitishwa, ikabandikwa. Claudine hakuwemo.

Siku chache baadaye kulikuwa na familia ya kutembelea mapema kwa ajili ya orodha ya mwaka unaofuata, kilima cha pili kutoka kwa Claudine, na Mama Speciose akaja nami, fimbo mkononi. Tukakaribishwa, tukaketi. Viti vinne vya kijani, vitambaa vyeupe. Nikajiambia fundi wa kule anashona aina moja tu. Nikaegemea, mkono wangu ukateleza pembeni mwa kiti, kwenye ule mfereji wa mto wa kukalia, vidole vikagusa kitu kigumu. Nikakivuta. Kalamu nyeusi, kibanio cha shaba.

Nilibaki nimeishika mbele ya uso wangu. Baba mwenye nyumba akaitazama kalamu, akanitazama mimi, akaona hakuna pa kutokea.

"Mama, nitakuambia kweli," akasema. "Hii kiti si yangu. Ni ya mwalimu wa kwaya. Mugeni akikuya, tunaazima. Mugeni hawezi kaa chini."

"Na wiki ile nyingine vilikuwa wapi?"

"Kwa Mama Claudine. Alibeba yote ine na kichwa, moja-moja, toka asubuhi. Hakuenda kulima siku ile."

Mama Speciose alianza kucheka kwa ajili ya kalamu, akaniona uso, akaacha. Aliniuliza kwa upole kama niliomba maji. Nikasema sikuomba. Akauliza kama mtoto alinisindikiza. Nililia palepale, kwenye kiti cha mwalimu wa kwaya, na yule baba akadhani kosa ni lake.

Mnaelewa nilichofanya. Mama yule alipoteza kibarua cha siku nzima na kupanda na kushuka kilima mara nne kwa ajili ya viti, ili mimi nisikae chini. Heshima aliyonipa ndiyo niliyoiandika dhidi ya mtoto wake.

Alhamisi iliyofuata nilisimama mkutanoni. Karani hakuwa na ruhusa ya kusimama, kazi yake ilikuwa kuandika wanayosema wengine. Nikaisoma fishi yangu kwa sauti, nikaweka kalamu mezani, nikaeleza ilikopatikana. Baadhi walicheka, kisha wakaacha. Mwenyekiti wa wakati ule, mzee mwenye duka la saruji, alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mama, orodha imebandikwa," akasema. "Nafasi zimekwisha. Nikimwingiza huyo lazima nimtoe mwingine aliyekwisha nunua godoro. Unitajie nimtoe nani."

Nikachukua kalamu yangu, nikaketi. Alikuwa na haki, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Nilimtafuta Claudine nikamkuta Rubona, kwa shangazi yake, bandarini. Alikuwa anaanika sambaza, vile visamaki vidogo vya ziwa, mikono ikimetameta magamba. Upepo ulileta harufu ya shayiri ya kiwanda cha bia. Nilijiandaa kwa matusi, na ningeyapokea.

"Kwa nini hukuniambia viti si vyenu?" nikamuuliza.

"Ulikuwa mugeni wa mama. Naanza namna gani, mbele yake?" Aligeuza sambaza kidogo. "Nilitaka kukuambia mu njia. Nilikamata na mwavuli. Ulisema niko nakuchelewesha."

Sikusema hivyo kwa maneno, lakini alikuwa amesikia sawasawa. Nikamwomba radhi, mtu mzima mbele ya mtoto, watu wa bandari wakitutazama. Akasema, "Si kitu, Mama," na nikajua ni kitu. Nilichoweza kufanya nilikifanya. Nilikwenda shuleni kwake mara tatu mpaka mkuu wa shule akakubali kwa maandishi kumshikia nafasi hadi mwaka unaofuata. Lakini mwaka mmoja wa mtoto yule uliishia kwenye sambaza, na aliyeuchukua ni mimi. Mpaka leo sili sambaza, na wanangu wa kuzaa hawajui sababu.

Mwaka uliofuata tulikwenda tena, mimi na Mama Speciose, bila kutuma habari. Mama Claudine alitoka na jembe mkononi, akashika mdomo. "Kumbe mungesema munakuya," akasema. Nikaomba maji. Yalikuja nusu kikombe. Ndani mlikuwa na mkeka, sufuria mbili, na jiwe bapa karibu na mlango. Nikaelekea kwenye jiwe.

"Apana," akasema Mama Claudine, na macho yake yalikuwa makali. "Kwangu mugeni hakai kwa jiwe."

Alikuwa ameshaanza kupanda kilima kwenda kwa mwalimu wa kwaya. Ningeweza kubishana naye, nikamwambia klabu haihitaji viti, mimi najua hali yake. Hapo ningekuwa nimemnyang'anya na kile kidogo alichobaki nacho. Nikavaa vizuri mabuti yangu, nikamfuata. Mama Speciose alikaa juu ya dumu na kusema, "Mi njo nitachunga nyumba." Tukashuka na viti viwili, yeye kimoja na mimi kimoja, kichwani. Shingo yangu ililalamika wiki nzima. Claudine, aliyekuwa amerudi kutoka Rubona siku zile, alitukuta njiani akanipokea changu, kisha akacheka, na ikawa mara yangu ya kwanza kuyaona meno yake.

Safari hii alinisindikiza mpaka barabarani. Aliyoniambia njiani yalijaza ukurasa.

Kwenye fishi, mstari wa viti na meza, niliandika: "Viti viwili vya mwalimu wa kwaya. Kimoja nimekibeba mwenyewe, ni kizito." Mzee wa saruji aliusoma kwa sauti mbele ya klabu nzima. Kisha akasema Claudine apite, na akachukua kalamu yake akaukata ule mstari kwenye fishi tupu iliyokuwa mezani. Kuanzia siku ile fishi yetu haikuuliza tena habari za viti. Ninyi mmeurudisha mstari huo kwa simu, wala siwalaumu, hamkuwepo.

Claudine leo ni fundi umeme kwenye mitambo ya gesi ya ziwani. Kwa mshahara wake wa kwanza alimnunulia mama yake viti vinne vya kahawia. Nilikuwepo siku vinashushwa kwenye lori, na kimoja kiligongwa kwenye mguu wa mbele wa kushoto kikabanduka rangi, Mama Claudine akasikitika kama aliyeumia yeye. Mguu uleule uliobanduka niliuona kwenye picha ya Patrick, ndiyo maana niliomba kuitazama mara ya pili.

Jana nilimpigia simu Mama Claudine nikamuuliza viti vyake viko wapi.

"Viko kwa jirani tangu juma ile ingine," akasema. "Binti yake ameomba buruse. Bageni ya klabu balikuwa banakuya."

Buruse ndiyo huo ufadhili wenu, na wageni hao ni ninyi. Orodha yenu inasomwa Alhamisi, na leo ni Jumatatu, kwa hiyo hamjachelewa kama nilivyochelewa mimi. Nendeni tena kesho. Mabuti yangu yako chini ya kabati, upande wa kulia. Ombeni maji. Na yule binti akitaka kuwasindikiza, mwacheni awasindikize, hata kama mvua imeanza.